Kamba ya Nguo Mbele ya Madhabahu

Wakubwa kwa wadogo watambue kwamba washirika wa kanisa hili wametoa mavazi kwa ukarimu ambao haujapata kuonekana! Ndivyo alivyotangaza mzee wa kanisa, kifua mbele. Kisha msichana Kengele akafungua mfuko wa kwanza, akatoa suruali isiyo na zipu.

Kila Jumamosi Kengele humsaidia shangazi yake, fundi cherehani, kufagia kanisa. Jumamosi hiyo walichambua nguo za kuipelekea familia ya mwashi, ambayo nyumba yake iliteketea na kila kilichokuwemo. Binti wa mwashi alikuwa akiketi dawati moja na Kengele. Tangu moto ule hakuonekana shuleni, kwa kuwa alibaki na gauni la kulalia tu, na mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu.

"Shangazi, kiatu kimoja! Tumkate mwashi mguu ili kimtoshe?"

"Chunga ulimi, mwanangu."

"Na hii soksi imetoboka huku na huku. Hii ni bomba!"

Shangazi alicheka, halafu akapekua mpaka chini. Katika mifuko yote hakupata hata sketi moja ya shule ya kumfaa binti yule.

Kengele alifura kwa hasira. Watu wale wale walioimba mpaka mishipa ikawatoka shingoni kwamba kila walicho nacho ni cha Bwana, sasa wanamletea Bwana matambara! Mbona wao wenyewe huja ibadani wamepigwa pasi?

Jumapili alfajiri aliingia kanisani kwa kunyata. Alifunga kamba mbele ya madhabahu, akaanika uchafu wote na kubandika karatasi: BWANA, TUMEKUPA KILICHO BORA. Kisha akaenda zake nyumbani kuoga, roho yake nyeupe.

Watu walipojaa, mchungaji alisoma karatasi ile. Hakuing'oa.

"Kila mtu aje achukue chake," alisema, "alete ambacho angekivaa mwenyewe kesho."

Mzee wa kanisa akainuka wa kwanza, kifua kimerudi ndani.

"Suruali ni yangu. Nimeona aibu."

Akafuata mwenye soksi, akafuata mwenye kiatu. Kengele alikuwa akimnong'oneza shangazi yake, "Yule naye! Mkono wa birika!" Kamba ikazidi kupungua, mpaka ikabaki nguo moja: sketi ya shule, imechanika nyuma.

Kengele akaacha kunong'ona. Ile hakuianika yeye.

"Niliikuta leo mezani ulipoiacha iwe mchango wako," shangazi alisema polepole, "imekunjwa kiufundi ili tundu lisionekane. Nilipokuja kuwasha taa nikaona kamba, nikaianika pamoja na nyingine. Kengele, mimi ndiye niliyeishona. Unazo mbili mpya kabatini mwako."

Kengele alitazama vidole vya miguu yake.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu," shangazi akaendelea. "Lakini Mungu si jalala la vitu tulivyovichoka. Tukimpa mabaki tu, tunachokiabudu ni kabati. Anataka tumpe kitu ambacho mkono unasita kukiachia."

Kanisa zima lilikuwa likimwangalia. Kengele akasimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata safu ya pili.

"Sketi ni yangu," alisema. "Na kamba pia ni yangu, mchungaji. Naomba ruhusa nikimbie nyumbani nikaichukue ile mpya sasa hivi, kabla sijaanza kuionea huruma."