Mfuko Nyuma ya Kabati la Viatu

Katika mji wa Shulin, pembezoni mwa jiji la Taipei, kila mkazi ajua sharti hili: taka haziwekwi chini. Mtu husimama barabarani, mfuko mkononi, mpaka gari la taka lifike likipiga muziki wake. Siku ambazo gari haliji, mabaki ya chakula huhifadhiwa ndani ya friza yasije yakaoza.

Pei-shan, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuja kumtembelea bibi yake wakati wa likizo. Kwao jijini jengo lilikuwa na chumba cha taka. Alizoea kutupa na kusahau. Jumatano alifungua friza kutafuta barafu, akakutana na vichwa vya samaki vikimkodolea macho ndani ya mfuko.

“Bibi, mnalaza taka pamoja na chakula?”

“Zimefungwa vizuri. Kesho jioni utaziteremsha wewe.”

Bibi alipokwenda sokoni, Pei-shan aliushika mfuko ule kwa vidole viwili, akausukuma nyuma ya kabati la viatu la Babu Gao, jirani wa ghorofa iliyo chini yao, lililokaa ngazini nje ya mlango wake. Kesho yake aliteremsha taka nyingine.

“Umepeleka zote?” bibi aliuliza.

“Zote, Bibi.”

Ijumaa asubuhi uvundo ulijaa jengo zima. Maji meusi yenye utelezi yalitiririka ngazini kutoka kwenye mfuko wa vichwa vya samaki nyuma ya kabati, na funza walitambaa juu ya viatu vya mzee. Majirani walikusanyika wakiziba pua.

“Babu Gao, umri umekuzidi,” alisema Mama Lin. “Funguo za jengo tumpe mwingine.”

Mzee huyo alikuwa ametunza ngazi zile kwa miaka ishirini. “Uchafu huu si wangu, mama.”

“Basi samaki wamepanda ngazi wenyewe?”

Watu wakacheka. Babu Gao aliinama, akaanza kuokota funza kwa mikono mitupu, kisha akazifungua funguo kiunoni ili azikabidhi.

Pei-shan alisogea mbele. “Usizitoe, Babu,” alisema. “Ni mimi niliyeuweka mfuko huo.”

Kicheko kilikatika. Bibi yake akamgeukia.

“Kuona kinyaa si kosa, mjukuu wangu,” alisema. “Kosa ni kumfanya mwenzako anuke kwa niaba yako, kisha ukanidanganya mimi. Mtu mwadilifu huubeba uchafu wake mpaka mwisho.”

Mama Lin alimwomba mzee radhi, naye Babu Gao akabaki na funguo zake. Pei-shan alisugua ngazi zote akiwa amepiga magoti, akatapika mara mbili, akasafisha na matapishi yake. Kisha, kwa jioni sita, alibeba ndoo za mabaki za ghorofa zote tano mpaka kwenye gari. Jioni ya sita mchuzi uliochacha ulimrukia shavuni, akajifuta, akaendelea.

Ndoo ya mwisho ilikuwa ya Babu Gao. Aliiosha bombani, akamrudishia. Mzee aliinusa, akatikisa kichwa kukubali, akaipokea.