Maganda Mabichi ya Ua la Zambarau

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kuosha vyombo vya mchana, Chiriku alimfuata shangazi yake msituni. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua likizo. Shangazi alikuwa mtunza kitalu cha miche kando ya msitu, na mwaka huo jambo moja lilimkosesha raha: ua la zambarau linaloota kivulini lilikuwa linakwisha. Watu walikuwa wameling'oa wee, kila mmoja akitaka kulipanda mbele ya nyumba yake, ambako jua lililiua ndani ya wiki moja. Sasa yalibaki mashina kumi na manane tu, nyuma ya mwamba mmoja. Shangazi alitaka kukusanya mbegu zake, aoteshe miche, airudishe msituni.

Kazi yenyewe ilitia hasira. Shangazi alipiga magoti, akabonyeza ganda la mbegu kwa kidole gumba, akasema bado. Kesho yake, bado. Ganda lilitakiwa ligeuke kahawia, na likitikiswa, mbegu zicheze ndani. Hata likifika hapo, sharti la shangazi lilikuwa kuchuma nusu tu na kuacha nusu zianguke zenyewe. Siku ya tisa ya kuambiwa bado, Chiriku alikuwa amefura. Alikwisha kuwaahidi wenzake darasani kwamba angewaletea mbegu Jumatatu, na Jumatatu mbili zilikuwa zimepita, sasa wanamcheka. Alipomlalamikia shangazi, alijibiwa kwamba hakuna aliyemtuma kuahidi.

Jumamosi shangazi alipokwenda mkutanoni, Chiriku aliingia msituni peke yake, amenuna, akachuma maganda yote. Hakubakisha hata moja la dawa. Akayasokomeza kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo. Nyumbani alipasua ganda moja kwa ukucha, akakuta punje nyeupe, laini, zenye majimaji. Akausukuma mfuko chini ya kitanda na kukaa kimya, yeye ambaye kimya hakukijua.

Asubuhi yake shangazi aliyakuta mashina matupu. Alirudi nyumbani mbio, akauliza nani amefanya unyama ule. Chiriku, kabla hajafikiri, alisema kwamba jana aliwaona mbuzi kule mwambani.

Basi moto ukawaka. Mbuzi waliopita kule mwambani walikuwa wa jirani mmoja tu, mtu wa maneno machache aliyewachunga mwenyewe. Shangazi alimfuata mpaka zizini akamshushia maneno mbele ya wanawe. Kisha askari wa msitu akaitwa, akaifunga njia ya kwenda kijitoni iliyopita hapo, na mbuzi wakalazimika kuzunguka kilima kizima kutafuta maji. Mchunga mbuzi alijitetea mara moja. Alisema mbuzi angekula na majani. Mbuzi gani huyo anayechagua maganda tu? Hakuna aliyemsikiliza.

Jumatano Chiriku alikutana naye kilimani, amembeba mwanambuzi aliyeishiwa nguvu, jasho linamtiririka.

"Kamwambie shangazi yako," alisema, "miaka miwili nimewafukuza mbuzi wangu kwa fimbo wasiguse yale maua. Sikuombwa na mtu. Leo mharibifu ni mimi."

Chiriku alishuka kilima kwa hasira. Alimkasirikia mchunga mbuzi kwa kumtazama vile, akamkasirikia shangazi na bado zake, akawakasirikia wenzake wa darasani na vicheko vyao. Alipofika mlangoni, hakubaki mtu wa kukasirikiwa ila yeye mwenyewe. Akauvuta mfuko uvunguni, akauweka mbele ya shangazi.

"Si mbuzi, shangazi. Ni mimi niliyeyachuma, halafu nikasema uongo."

Shangazi alifungua fundo. Harufu mbaya ilitoka, na maganda mengi yalikuwa yameota ukungu na kuteleza kama sabuni. Hakupiga kelele, ingawa Chiriku angependelea kelele. Aliyamwaga juu ya gazeti, wakaketi kuyachambua moja moja mpaka migongo ikawauma. Katika maganda zaidi ya mia mbili, thelathini na moja tu yalikuwa bado magumu. Shangazi akayatandaza kivulini yakaukie hapo.

Jioni hiyohiyo walikwenda zizini. Shangazi alitangulia kuomba radhi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtukana mtu bila kuchunguza, kisha Chiriku akaeleza yote mwenyewe. Mchunga mbuzi hakusema yameisha. Alisema njia ifunguliwe kwanza, mengine baadaye. Ikafunguliwa.

Mbegu zilipandwa kwenye trei, na baada ya majuma mengi miche tisa ikachomoza. Mvua zilipoanza, darasa zima lilikwenda kuipanda nyuma ya mwamba, karibu na yale mashina ya zamani. Mwenzake mmoja akampongeza Chiriku, kwamba tisa si haba. Shangazi, mikono imejaa udongo, akaacha kufukia.

"Asipongezwe," alisema. "Hasira yangu haijaisha." Akamgeukia Chiriku. "Kuchuma mabichi ni pupa, na pupa hata mimi nimewahi kuwa nayo. Ungeniletea Jumamosi ileile, ningeyatandaza mbegu zikomae ndani yake, na leo tungepanda mia. Kosa lako lilikuwa la saa moja. Uongo wako ulikuwa wa siku nne, na hizo siku nne ndizo zilizoozesha mbegu na kumtesa mtu asiye na hatia. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie kabla hujavua viatu."