Herufi ya Kooni

Fundi cherehani alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, kapendeza na gauni la njano alilolishona mwenyewe, pale mtu wa nyuma yake alipovuta kitu kooni. Khrrr. Mwili ukamsisimka. Akageuka.

"Kaka, choo kiko kule."

"Samahani dada, si kohozi. Ni Kijerumani."

Kijana alikuwa muuguzi, sare nyeupe pepe, macho ya utani. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuongea ili apate kazi ng'ambo, na R ya Wajerumani ilikuwa imemshinda. Yake ilitetemeka ulimini, yao inatoka kooni. Binti alicheka, na kwa kicheko hicho akanasa.

Wakapendana, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Maana hata kwenye simu ilikuwa hivyohivyo.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, khrrr, laazizi wangu."

"Utaniua kwa kinyaa wewe."

Siku kijana alipokwenda kwa mama mkwe mtarajiwa, alijaribu herufi ile na mchuzi mdomoni. Tone likaruka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Mama akasukuma sahani yake pembeni.

"Mwanangu, huyu ndiye utakayeamka naye kila asubuhi?"

Binti angevumilia. Kilichomkata maini ni kwamba mtihani ulikuwa kesho, safari ilinukia, na mwanamume hajatamka lolote juu yake. Akaenda chumbani kwa kijana wayamalize. Akamkuta ameinamia sinki, anasukutua, maji na mate yakimchuruzika kidevuni.

"Maine Fkhrrau. Maine Fkhrrau."

Binti akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekuja kukuaga. Nenda na makohozi yako. Ghasia wewe."

Kijana akainua kichwa. "Rudia."

"Nini?"

"Hilo tusi. Pole pole."

"Ghasia."

"Gh," akasema, bila maji, bila kukwaruza. "Gh. Fghau." Macho yakamtoka. "Ndiyo hiyo. Kumbe ninayo tangu utotoni."

"Yaani umenitapisha siku zote hizi kwa herufi ya ghorofa?"

"Kesho wataniuliza nataka kuishi kule na nani. Jibu hilo sikutaka kuliharibu. Maine Fghau."

"Ndiyo nini?"

"Mke wangu."

Binti akamtazama. Ute ulikuwa bado unaning'inia kidevuni, na kichefuchefu hakijamtoka. Akavuta taulo msumarini, akamrushia.

"Jifute kwanza. Halafu niulize kwa Kiswahili."