Kiti cha Kushoto

"Simamisha gari! Baba Pacha, simamisha!"

Breki zikalia. Vumbi likawapita, likaenda mbele.

"Kuna nini?"

"Tembo!"

"Wapi?"

Jamani, tembo si sindano. Alikuwa amesimama kushoto mwa barabara, masikio wazi, karibu na dirisha la Mama Pacha hivi kwamba mama wa watu aliziona hadi kope zake. Na aliyeuliza "wapi" hakuwa mgeni. Alikuwa Baba Pacha mwenyewe, anayejulikana kazini kama Kepteni, dereva wa watalii aliyezeekea kwenye hifadhi hizi. Wenzake walimtania kwamba humwona chui kabla chui mwenyewe hajaamka.

Kepteni akageuza shingo yote, ndipo akamwona.

"Tulia," alinong'ona. "Atapita."

Tembo akajiondokea taratibu, akaingia vichakani.

"Mawazo yako yako wapi, mume wangu?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka, au hauko hapa?"

Kepteni akawasha gari.

Nyumba yao ilikuwa ya madereva wawili, maana Mama Pacha naye aliendesha basi la shule, na tangu waoane sheria ilikuwa moja: usukani wa mwenzako hushiki. Hakuwahi kuligusa gari la mumewe, hata kulisogeza uani. Na miaka yote hiyo Kepteni alipeleka wake za watu kwenye maziwa ya milimani, wa kwake akaambiwa, "Mwakani, mke wangu." Sasa pacha wao walikuwa wamehamia bweni la chuo, na ghafla akamwambia, "Funga begi, twende."

Mwanamke mwingine angeruka kwa furaha. Yeye alifunga begi kwa moyo mzito. Kwa muda mrefu sasa mumewe alikuwa mtu baki ndani ya nyumba. Akipita karibu yake, hamtazami. Akimnyooshea kikombe cha chai, mkono unabaki hewani. Siku aliyovaa gauni jipya la bluu na kukaa kando yake sebuleni, bwana alitazama taarifa ya habari hadi mwisho, hakusema hata neno.

Halafu asubuhi ile, Kepteni akiwa bafuni kwenye nyumba ya wageni, ujumbe ukaingia kwenye simu yake:

"Umeshamwambia mkeo? Uliniahidi utamwambia mkifika ziwani. Usiendelee kumficha, utamuumiza zaidi."

Mama Pacha aliusoma, akakaa kitandani. Kisha akavaa lile gauni la bluu. Kama ni kuachwa, aliwaza, basi niachwe nimependeza. Akamwandikia kaka yake, naye akajibu papo hapo: "Chumba kipo, dada. Ukiamua, njoo."

Sasa walikuwa wamefika ziwani. Maji yalitulia katikati ya milima, ukungu ukiwa bado haujanyanyuka. Kepteni alisimama ukingoni akigeuza kichwa polepole, kutoka mwisho mmoja wa ziwa hadi mwingine.

"Nilitaka ulione," alisema.

"Nimeliona. Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Ulichomwahidi huyo mwanamke wako utaniambia tukifika ziwani!"

Kepteni akafumba macho.

"Umesoma."

"Nimesoma. Ni nani?"

"Daktari."

"Daktari wa nini? Wa mapenzi?"

"Wa macho, Mama Pacha."

Yule mama akataka kucheka kwa hasira, kicheko kikagoma. Akamkumbuka tembo. Akasogea taratibu upande wa kushoto wa mumewe, akanyoosha mkono karibu kabisa na shavu lake.

"Mkono wangu uko wapi?"

"Mkono upi?"

Hakuushusha mkono, alishindwa.

"Tangu lini?"

"Upofu ulianza kidogo kidogo. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na kipande. Daktari anasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa."

"Na jana ukanipitisha kwenye zile kona, korongo likiwa upande wangu, hulioni?"

"Nilikuwa nalikumbuka."

"Unalikumbuka! Baba Pacha, wanetu wangetuzika wawili kwa sababu wewe unakumbuka!"

"Najua."

"Hujui! Na hao wageni wako?"

"Nimeacha kazi. Ofisini nimewaambia nastaafu. Sababu sikuwaambia."

"Mimi je? Mimi ningejulia wapi, shimoni?"

Kepteni akaketi juu ya jiwe.

"Nimewaleta hapa watu wa dunia nzima. Wewe nikulete nikiwa abiria? Nilitaka mara moja tu nikuendeshe mwenyewe. Nilikosea, mke wangu. Leo nimemuuliza mtu tembo yuko wapi."

Mama Pacha alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi pamoja.

"Na vikombe?"

"Vikombe gani?"

"Vya chai! Nakunyooshea, unaniacha na mkono hewani. Nakaa kando yako, hugeuki."

"Ulikuwa unakaa upande gani?"

"Kushoto. Si ndiko nakaa siku zote, nyumbani hadi garini?"

"Mama Pacha," alisema, "kwangu kushoto ni kama kisogoni. Hakuna kitu huko. Nilidhani umeninunia. Nilikuwa nakutafuta kwa sauti, nawe ukawa kimya."

"Nami nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe?"

Akapapasa upande wa kushoto. Mkewe akautazama ule mkono ukihangaika, kisha akaupokea.

"Nimekukasirikia," alisema. "Nitakukasirikia mpaka tufike nyumbani, na nyumbani nitaendelea."

"Sawa."

"Lete funguo."

Kepteni alizishika muda mrefu. Vidole vyake vilizijua zile funguo kuliko kitu chochote. Kisha akaziweka kwenye kiganja cha mkewe, akaenda kukaa kiti cha kushoto, ambacho hakuwahi kukikalia tangu alinunue gari lile.

Mama Pacha akasogeza kiti, akarekebisha vioo. Kabla ya kuwasha gari alimwandikia kaka yake: "Asante, kaka. Chumba hakitahitajika. Shemeji yako anaumwa macho, tunarudi wote."

Wakashuka mlima taratibu. Bondeni hifadhi ilikuwa imejaa jua.

"Kushoto kwako," mke alisema, "pundamilia. Mmoja ana mtoto."

"Mkubwa?"

"Mdogo. Bado miguu inamshinda."

Kepteni akatabasamu. Mkewe akamtajia twiga kwenye miti ya miiba, akamtajia nyati majanini. Baadaye mumewe akanyamaza.

"Umelala?"

"Hapana. Nakutazama."

Mama Pacha akamtupia jicho. Uso wa mumewe ulikuwa mbele, shingo haijageuka hata kidogo.

"Unanitazama vipi na uso uko barabarani?"

"Upo kulia kwangu. Huku bado naona."

Kisha akaongeza:

"Hilo gauni la bluu ni jipya?"

Mama Pacha akapunguza mwendo, maana barabara ilikuwa imejaa machozi.

"Ni jipya."

"Limekupendeza."