Mkalimani wa Kogo

Kila asubuhi ya likizo, Cheptoo aliamshwa na maneno yale yale.

"Cheptoo! Chai haichumwi na mtu aliyelala!"

Ilikuwa sauti ya nyanya yake, Kogo Rodah. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na kijiji kizima pale juu ya Kapsoit kilimwita hivyo, hata wazee ambao huenda walikuwa wamemzidi umri. Cheptoo, msichana wa miaka kumi na miwili, alilala nyumbani kwa Kogo, hatua chache kutoka kwa wazazi wake. Aliamka, akawasha moto, akachemsha maziwa, kisha wote wawili wakajifunga aproni za plastiki na kuingia shambani umande ukiwa bado mbichi.

Kogo hakuwa na mzaha na michai yake. Alichuma majani mawili na chipukizi, akayatupa juu ya bega mpaka kwenye kikapu mgongoni bila hata kugeuka. Ukichuma jani gumu, alikutazama tu mpaka ukalitupa mwenyewe.

Lakini mwaka huo Kogo alianza kuchoka. Alikuwa akisimama katikati ya shamba, akishika mchai kwa mikono miwili na kufumba macho. "Ni uzee tu," alisema. Jioni moja alikuwa akisonga ugali, akakaa chini ghafla huku mwiko ukiwa bado mkononi. Cheptoo aliogopa. Kesho yake, baba yake, Kipkirui, akiwa kazini kwenye kiwanda cha chai na mama yake akiwa amepeleka maziwa, alimbembeleza Kogo mpaka wakafika zahanati.

Tabibu wa pale, Bwana Onyancha, alikuwa amehamia juzijuzi kutoka Kisii, na hakujua Kikipsigis. Kiswahili cha Kogo nacho kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, asante. Kwa hiyo Cheptoo akawa mkalimani.

Bwana Onyancha alimshika Kogo mkono, akaitazama saa yake, akapima tena kana kwamba haamini.

"Mwambie nyanya yako moyo wake unapiga polepole mno," alisema. "Huu ni ugonjwa. Aende hospitali kubwa wiki hii hii. Akichelewa, anaweza kuanguka asiinuke tena."

Tangu babu yake Cheptoo apelekwe hospitali na kurudishwa akiwa maiti, Kogo alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga huko. Sasa alikuwa amemkazia mjukuu wake macho, akingoja kuambiwa. Cheptoo alitafuta neno la "polepole" kwa Kikipsigis, na likamjia upesi: mutyo. Sasa mutyo ni polepole, lakini ndilo neno hilo hilo watu wa huko wanalomsifia mtu mpole na mtulivu.

"Anasema moyo wako ni mutyo," Cheptoo alisema. "Mutyo sana."

Kogo alicheka. "Mwambie nilijua hilo kabla hajazaliwa! Na nini kingine? Mbona amesema maneno mengi?"

"Amesema... ukipenda, siku moja upitie hospitali kubwa. Si lazima."

"Basi hilo tuliache. Na baba yako usimwambie. Hiyo ni siri yetu."

Bwana Onyancha aliona Kogo akitabasamu, akadhani ameelewa na amekubali. Cheptoo alimwona akidhani hivyo, na alinyamaza.

Siku zilizofuata, Cheptoo alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alichuma sehemu yake na ya Kogo, akabeba maji, akakata nyasi za ng'ombe. Alijiambia kwamba Kogo akipumzika atapona. Lakini ukweli aliujua, na aliukumbuka kila Kogo aliposimama kuvuta pumzi.

Asubuhi moja, aliinua kichwa asione kitambaa cha Kogo juu ya michai. Aliita, hakuitikiwa. Alimkuta amelala ubavu kati ya mistari, kikapu kimempindukia, midomo imekuwa ya kijivu. Alipiga mayowe mpaka baba yake akaja mbio, akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku.

"Baba, tabibu alisema aende hospitali!" Cheptoo alilia. "Alisema moyo wake ni mgonjwa! Kogo alinikataza nisikuambie!"

Kogo alikuwa ndiyo kwanza anapata fahamu, akasikia hayo ya mwisho tu. Alifumbua macho, akamtazama mjukuu wake.

"Umeniuza," alisema.

Njiani kwenda hospitali hakuongea naye tena. Cheptoo alipomfunika shuka, Kogo aliivuta mwenyewe na kugeukia upande wa pili. Cheptoo aliumia sana. Siku zote alikuwa amempenda Kogo kuliko mtu yeyote, na sasa amekuwa msaliti kwa sababu amemwitia msaada! Alihisi ameonewa, na alilia bila kujificha.

Hospitalini walipokewa na daktari wa moyo, Daktari Akello. Alimpima Kogo kwa mashine inayochora mapigo ya moyo, kisha akaketi kando ya kitanda na kuzungumza taratibu, huku Kipkirui akitafsiri.

"Nyanya, moyo una umeme wake mdogo unaouamuru upige. Wako unakatika njiani. Ndiyo maana unaona kizunguzungu na kuanguka. Tunaweza kukuwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, hapa karibu na bega. Moyo ukichelewa, kinaukumbusha kupiga."

Kogo alikunja uso. "Mwambie sitaki. Yule tabibu wa zahanati aliusifu moyo wangu, akasema ni mutyo. Huyu anataka kunipasua kwa nini?"

Kipkirui alishangaa. "Mama, tabibu alisema hivyo?"

"Si nilikuwa na mkalimani? Muulize."

Wote walimgeukia Cheptoo. Angeweza kusema hakusikia vizuri. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi wake. Lakini alimwona Kogo akihema kwa shida kwa sababu tu ya kusema maneno machache, akaelewa kwamba Kogo angekufa akiamini sifa ambayo hakuna mtu aliyeitoa.

"Kogo, hakukusifu," alisema. "Alisema moyo wako unapiga polepole mno. Alisema ni ugonjwa, uende hospitali wiki ile ile, la sivyo ungeanguka usiinuke. Mimi nilichagua neno tamu. Niliogopa ungeogopa."

Kogo aligeukia ukuta. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na machozi.

"Ile ya kumwambia baba yako ningeisahau," alisema. "Hii ndiyo uliyoniuza nayo. Nilikuazima masikio yangu, Cheptoo. Ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kama mgeni!"

"Nisamehe, Kogo."

"Unajua ulichonifanyia? Ugonjwa ni wangu, na mwili ni wangu. Kuogopa ni juu yangu, na kuchagua ni juu yangu. Wewe ulinichagulia. Labda ningekataa, mimi ni mkaidi. Lakini ningekataa nikijua." Alipumzika, kisha akanyoosha kidole. "Sasa mwambie daktari aseme tena. Na utafsiri wewe. Baba yako anakusikiliza. Akisema kifo, nawe sema kifo."

Cheptoo alifuta pua kwa kiganja, akaanza. Alitafsiri kila neno. Kwamba Kogo hatalazwa usingizi mzito, sehemu ya kukatwa tu ndiyo itakayotiwa ganzi. Kwamba nyaya nyembamba zitapitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni. Kwamba wengi hupona vizuri, lakini wapo wachache wanaovuja damu au kupata maambukizi. Kwamba betri hukaa miaka mingi, kisha kifaa hubadilishwa. Kwamba kwa wiki kadhaa hatainua mkono wa kushoto juu ya bega.

"Nitatupaje majani kikapuni?" Kogo aliuliza.

Cheptoo alitafsiri hilo pia. Daktari Akello alicheka. "Mwambie kwanza majani yamngoje kidogo."

Kogo aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Mwishowe alisema, "Nimesikia. Sasa ninakubali mwenyewe."

Kifaa kiliwekwa, na baada ya muda mfupi Kogo alirudi nyumbani. Rangi ilirudi usoni mwake. Kizunguzungu kiliisha. Alipanda mlima wa kanisani bila kusimama, akawahi kiti cha mbele, akaimba kwa sauti iliyowafanya vijana wageuke. Wiki za kungoja zilipokwisha na daktari akaruhusu, aliingia shambani na kulalamika kwamba michai yake imechumwa kama iliyoliwa na mbuzi. Hakuwa amerudi kuwa kijana. Magoti bado yalimuuma. Lakini siku zake zilikuwa zake tena.

Jambo moja lilichelewa kupona. Kila Cheptoo alipomsomea tangazo la kanisa au kumweleza habari ya redioni, Kogo alimwita Kipkirui na kumuuliza jambo lilo hilo. Cheptoo aliumia, lakini hakulalamika. Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Kogo, si ulinisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile," Kogo alijibu. "Kuamini ndiko kunakonichukua muda. Mwanangu, ukimpenda mtu, mpe ukweli wote, hata wenye uchungu. Ukimpunguzia, unampunguzia na uhai. Na mzee akisema 'ni uzee tu', usimwamini. Mpeleke akapimwe."

Cheptoo aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo hakupunguza neno. Tangazo la mazishi alilisoma kama lilivyo. Bei ya majani iliposhuka, aliisema ilivyoshuka, ingawa alijua Kogo angekasirika.

Siku ya kupimwa kifaa ilipofika, walienda wote watatu. Daktari Akello alifungua mlango na kuuliza nani atatafsiri. Cheptoo alirudi nyuma, akamwachia baba yake nafasi.

Kogo Rodah alimtazama mwanawe. "Kipkirui, wewe kaa hapo nje upumzike," alisema. Kisha akamshika Cheptoo mkono, wakaingia ndani wawili.