Chati ya Susu Kalunde

Mambo yalianza na kitu kidogo tu: kitanda kulia. Kitanda cha nne, kile cha karibu na mlango, kilikuwa kitupu tangu Jumatatu, Susu Kalunde, yaani Nyanya Kalunde, alipopelekwa kwao Tawa kuzikwa. Jumatano saa nane mchana kililia kwii, kwii, vile hulia mlezi anapomgeuza mgonjwa kutoka ubavu huu hadi ule. Mutindi, aliyekuwa akipangusa meza ya dawa, aliinua kichwa. Hapakuwa na upepo. Hata godoro halikuwepo, jamaa za Susu walikuwa wamelibeba pamoja na blanketi zake.

Kisha ikaja harufu ya mafuta ya mbarika. Susu alipenda kupakwa mbarika magotini, lakini siku zake za mwisho mafuta hayo hayakuweza kuficha ile harufu nyingine, ya kidonda cha kulalia kilichomla mgongo hadi mfupa ukaonekana. Sasa harufu zote mbili zilikuwa pale, mbichi kabisa.

Mutindi hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Nyumba hiyo ya wazee, mali ya kanisa moja viungani mwa Kitui, ilikuwa na wazee kumi na tisa na walezi wawili wa mchana. Mzee asiyeweza kujigeuza alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na chati iliyoning'inia kitandani pake ilikuwa na visanduku vitano vya zamu: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Nani angeweza? Kwa hivyo walitia alama za vema katika visanduku vyote vitano asubuhi, kabla ya uji, kisha wakamgeuza yule waliyejaliwa kumfikia. Matroni Wangui alijua vizuri sana.

"Watu wa kaunti hawafunui migongo," alizoea kusema kila wakaguzi walipokaribia. "Wanafunua karatasi."

Na Mutindi hangethubutu kubishana naye, kwa sababu kwenye kitanda cha saba alilala Nduku, mama yake mzazi. Kiharusi kilimwangusha Nduku mnadani Mwingi, katikati ya mbuzi wake, kikamwacha bila mguu, bila mkono, bila sauti. Ni Matroni aliyekubali kumpokea wakati kila mlango ulikuwa umefungwa. Kumfukuza Mutindi kungekuwa kuwafukuza wawili.

"Jonah," alimnong'oneza mlezi mwenzake. "Umesikia hiyo kitanda?"

"Nimesikia. Usiongee."

Jonah alikuwa amesimama na sahani ya ugali mkononi, macho yake kwenye kitanda cha tano. Hapo alilala mzee Nyamai, chali, hivyohivyo tangu asubuhi. Shuka lake liliinuka begani. Likainuka nyongani. Halafu mwili wote ukageuka kuelekea ukutani, taratibu, kwa ustadi wa mtu anayeijua kazi, na mzee akatabasamu kidogo, pengine akidhani ni Mutindi. Lakini hiyo mikono isiyoonekana haikukoma hapo, ilimrudisha ikamgeuza tena, na tena, hadi mara tano, kila mara kwa kasi zaidi, kitanda kikilia na harufu ya mbarika ikikaba koo, bega likaalika, mzee akatoa sauti ndogo ambayo Mutindi hangeisahau, na walipopata nguvu za kukimbia hadi pale alikuwa amelala kifudifudi na roho imeshatoka.

"Ni uzee," Matroni alisema, bila kumtazama yeyote usoni. "Kesho watu wa kaunti wanakuja. Sitaki kusikia mambo ya majini hapa." Lakini jioni hiyo hiyo alimpigia simu Pasta Mulei.

Alhamisi, Mutindi alitumwa nje tangu asubuhi kufua mapazia ya wageni. Moyo haukutulia. Kila alipokamua pazia aliangalia dirisha la wodi, na karibu saa nane aliliacha beseni likiwa limejaa povu akaingia ndani, mikono ikichuruzika maji.

Pasta Mulei alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha nne, Biblia kifuani, akikemea kwa jina la Yesu. Matroni alisimama nyuma yake. Saa ya ukutani ilifika nane. Kwii. Pasta akapandisha sauti. Mbarika ikajaa chumba kizima.

"Omba tu, pasta," sauti ilisema. "Mimi nangoja kugeuzwa."

Ilikuwa sauti ya Susu Kalunde, ile ya kukwaruza, na ilitoka kinywani mwa Nduku, ambaye hakuwa ametamka neno kwa miezi saba.

"Mwaitu!" Mutindi alilia, akamrukia mama yake.

Shuka lilikuwa limeshainuka. Alimkumbatia mama kwa nguvu zake zote, na chini ya viganja vyake alihisi viganja vingine, baridi, vya mtu mkongwe, vikimgeuza mama kana kwamba Mutindi hakuwepo. Mara moja. Akamshikilia miguu. Mara ya pili, na mifupa ya mama ikalia, na macho ya mama, ambayo bado yalikuwa ya mama, yakamtazama yakiomba.

"Jonah! Leo umemgeuza mum mara ngapi?"

"Mutindi, nilikuwa nalisha wale wa mwisho..."

"Mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Na chati?"

Jonah alianza kulia. "Nilijaza zote."

Hapo ndipo Mutindi alipoelewa. Nyamai alikuwa na alama tano za uongo, na alikuwa amegeuzwa mara tano. Kilichoandikwa kilikuwa kinatimizwa. Alichomoa kalamu mfukoni mwa pasta, akainyakua chati, na wakati mikono ilipokuwa ikimzungusha mama kwa mara ya tatu akakata alama ya kwanza, ya pili, zote tano, kwa mistari iliyotoboa karatasi, akaandika HAKUGEUZWA, akatia jina lake.

Nduku aliangukia mto. Alikuwa anapumua. Mutindi alimgeuza kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea mto mgongoni, akambusu paji la uso. Alilia waziwazi, bila haya.

"Wazimu gani huu?" Matroni alifoka kwa kunong'ona. "Hao watu wako getini!"

"Waingie. Na wafunue migongo."

Alikwenda kitanda kwa kitanda, akikata na kuandika, na wageni walimkuta hivyo. Alimwinua mzee wa kwanza akawaonyesha. Mmoja wao alitoka nje kutapika. Kufikia saa kumi, simu zilikuwa zimepigwa, walezi wengine sita walikuwa njiani kutoka hospitalini, na Matroni alikuwa ameketi ofisini na mkoba mapajani. Wodi ilinukia dawa ya kuoshea sakafu, basi.

Mutindi alikuwa anakunja aproni yake alipokumbuka Jumamosi na Jumapili, siku mbili za mwisho za Susu. Zamu mbili, visanduku kumi. Alikuwa amevijaza vyote na kutia sahihi yake, na hakumgusa. Lakini Susu hakuwa na mwili tena wa kugeuzwa; uliobaki ulikuwa wa aliyetia sahihi.

Alimpigia simu Nthiwa, mwanawe Susu.

"Kaka, ile faili ya Susu mlibeba na vitu vyake. Kuna chati zake ndani, naomba nije Tawa niziandike kitu."

"Faili?" Nthiwa alisema. "Tulichoma jana, dada. Godoro, blanketi, kila kitu. Vilikuwa vinanuka. Hatungeweza kuviweka nyumbani."

Alimshukuru. Alikwenda chumbani kwake nyuma ya jikoni, jua bado likiwaka dirishani, akajilaza chali na nguo zake za kazi, kwa sababu hapakuwa na karatasi tena ya kukata. Mbarika ilimfikia kwanza. Kisha mkono mmoja ukatua begani, mwingine nyongani, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa.

"Susu," alisema, "nisamehe."

Mikono ilimgeuza polepole kuelekea ukutani. Hiyo ilikuwa ya kwanza kati ya kumi.