Kitanda cha Chuma Hakitibu Pumu

Mshonaji hakuweza kumaliza mshono mmoja bila kusimamisha cherehani. Alishona kidogo, akaacha, akatega sikio. Akisikia binti yake anapumua vizuri chumba cha pili, anaendelea. Akisikia kifua kinalia, anakimbilia huko. Mtoto alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa inakaribia kwisha.

Tangu talaka, baba wa mtoto hakuacha kuleta vitu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na watu walimwita Cheche. Alileta kitanda cha chuma. Akaleta kiti cha chuma, kabati la chuma, hata rafu ya viatu. Chumba kikajaa mpaka mtu akigeuka anajigonga goti. Lakini dawa hakununua, na ada ya shule hakulipa.

“Nimemtengenezea kila kitu,” alisema kila alipoulizwa. “Na ukinipeleka mahakamani, watanipa mimi mtoto. Mwenye karakana ni mimi. Wewe una nini? Sindano?”

Maneno hayo yalimkosesha mshonaji raha. Aliogopa kumpoteza mwanawe, akaona heri anyamaze. Lakini hasira ilibaki. Cheche alipokuja tena kumwona binti, alikuta mlango umefungwa.

“Hakuna dawa, hakuna mtoto!” mshonaji alimwambia kupitia dirisha.

Binti alilia mpaka kifua kikambana.

Kesho yake jirani yao, ofisa wa ustawi wa jamii, alikuja kuchukua sketi yake. Akaigeuza huku na huku.

“Dada, una nini leo? Zipu umeiweka juu chini.”

Mshonaji akamweleza yote. Jirani akavuta kile kiti cha chuma, akakaa.

“Kwanza ondoa hofu,” alisema. “Mtoto hapewi mzazi kwa sababu ana fedha nyingi. Mahakama huangalia atalelewa vizuri wapi. Mzazi asiyekaa na mtoto huamriwa kuchangia matunzo.”

“Basi nitaomba kiasi kikubwa. Nimkomoe!”

“Gauni unashona kwa kupima mwili au kwa kupima hasira?”

Mshonaji akacheka bila kutaka.

“Mahakama nayo hupima,” jirani aliendelea. “Hupima mahitaji ya mtoto: chakula, malazi, mavazi, shule, matibabu. Kisha hupima uwezo wa baba na wa mama. Wote wawili. Kwa hiyo kusanya risiti za dawa na za shule. Na kipato chako useme kweli.”

“Yeye akificha chake? Hana mshahara.”

“Hana mshahara, lakini ana kazi. Hakimu ataulizia hiyo kazi.”

Mshonaji akakusanya risiti, akafungua kesi ya matunzo. Siku ya kesi hakutulia. Anakaa, anasimama, anakunja ukingo wa mtandio na kuukunjua.

“Mheshimiwa, mimi mtu wa kubangaiza tu,” Cheche alijitetea. “Leo napata, kesho sipati. Lakini mtoto simnyimi kitu. Nimempa kitanda, kiti, kabati. Na bado nafungiwa mlango nisimwone!”

“Akibanwa na kifua, huvuta kiti?” hakimu aliuliza.

Cheche akaona kazi yake inadharauliwa. Hilo hakuliweza.

“Mheshimiwa! Geti la shule nimelitengeneza mimi. La hospitali, mimi. Hata madirisha ya ukumbi huu ni mkono wangu. Nina mafundi kadhaa chini yangu, na kazi zinatusubiri!”

“Ahsante,” hakimu alisema, huku akiandika. “Sasa tumeujua uwezo wako.”

Cheche akajishika mdomo. Ulikuwa umeshamponza.

Kisha hakimu akamgeukia mshonaji. “Na wewe, mama. Kwa nini mtoto hamwoni baba yake?”

Aibu ilimshika. “Nilimfungia mlango, mheshimiwa. Kwa sababu ya dawa.”

“Matunzo si kiingilio, mama. Baba asipolipa, njoo hapa. Usimwadhibu mtoto kwa kosa la mzazi. Nawe baba, hata ukikosa kumwona mtoto, utalipa.”

Hakimu akatoa amri. Mtoto atakaa na mama, na Jumamosi atakwenda kwa baba. Baba atalipa dawa, ada na sehemu ya chakula kila mwezi. Mama atatoa malazi na sehemu iliyobaki, kwa kadiri ya kipato chake.

“Zawadi ni zawadi,” alisema hakimu. “Haichukui nafasi ya matunzo. Hali ikibadilika, rudini tuitazame amri upya. Mtu asijipunguzie malipo mwenyewe.”

Jumamosi ya kwanza, binti alikwenda kwa baba yake. Mshonaji alifagia ua uliokwisha fagiwa. Aliwaza moshi wa karakana. Aliwaza kifua cha mwanawe.

Alasiri binti akaingia, baba yake nyuma.

“Mama, baba alizima mashine zote! Kasema moshi haunifai.”

Cheche alisimama mlangoni. Safari hii hakubeba chuma. Alishika pakiti mpya ya dawa.

“Dawa ya mwezi huu,” alisema polepole.

Mshonaji akaipokea. “Ahsante, baba mtoto. Karibu ukae. Viti unavijua mwenyewe.”

Wote watatu wakacheka. Cheche alipoaga, binti alikwenda kucheza chumba cha pili, na mshonaji akarudi kwenye cherehani. Akakanyaga, akashona, akafika mwisho wa kitambaa. Hapo akashtuka. Alikuwa amemaliza mshono mzima, na hakusimama hata mara moja kusikiliza.